Mtumishi wa Afisa Vitani: Deni Lake ni la Nani?

Wasomaji wetu, habari za vita husimuliwa kwa majina ya wakubwa. Twasoma ya kuwa jemadari fulani alivuka mto, akapigana siku mbili, akarudi nyuma, kisha akashinda. Lakini mtu havuki mto asipokula, wala hashindi siku ya tatu kama siku ya pili hakupata usingizi. Nani alimpikia? Nani alimtandikia kitanda chini ya mti, akamfulia shati, akamchemshia maji, akakesha kando yake usiku homa ilipompanda? Alikuwako mtu. Katika vita vilivyopiganwa katika nchi zetu, afisa wa Kizungu kwa kawaida alikuwa na mtu wa namna hiyo, pengine wawili au watatu, nao hawakuwa askari. Hawakuamriwa kuua, lakini risasi haikuwabagua. Hawakuwa na neno katika magomvi ya wafalme wa Ulaya, lakini walizikwa katika njia zake.

Twataka kuuliza swali moja juu ya watu hao. Mtu akiingia hatarini kwa ajili ya mtu mwingine, katika vita visivyokuwa vyake, na akawa mwaminifu hata mwisho, je, uaminifu huo ni deni? Na kama ni deni, ni la nani, na hulipwaje?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Vita Kuu vya kwanza vilifika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, navyo havikwisha hata jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka hiyo minne majeshi yalikwenda toka Tanga na Kilimanjaro hata Rufiji, toka Rufiji hata mto Ruvuma, yakaingia Msumbiji, yakatoka tena. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, barabara zilikuwa chache, na masika yaligeuza nchi kuwa tope. Kwa hiyo karibu kila kitu kilikwenda kichwani pa mtu. Kwa upande wa Waingereza peke yao watu wapata milioni moja walichukuliwa kuwa wapagazi kwa nyakati mbalimbali, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa, kichomi na njaa.

Watumishi wa maafisa walikuwa kundi dogo kando ya umati huo. Mtumishi wa namna hii aliitwa boi, hata kama alikuwa na mvi na wajukuu. Aliamka kabla ya alfajiri, akawasha moto kwa kuni zilizolowa, akatengeneza chai, akapasha maji ya kunyolea ndevu. Bwana wake alipokuwa akinywa chai, yeye alikunja kitanda na chandarua, akafunga sanduku. Kisha alitembea mwendo ule ule waliotembea wengine. Jioni jeshi lilipotua, wengine waliketi, lakini yeye ndipo alipoanza kazi yake ya pili: kusimamisha hema, kutafuta maji, kupika, kukausha viatu, kumtoa bwana funza miguuni. Bwana alipougua, yeye ndiye aliyempa kwinini na uji, akamgeuza kitandani, akayafua matandiko yake. Alizijua fedha za bwana wake zilipo, na barua zilizomletea huzuni. Wengine walichukua bunduki ya pili ya bwana na kusimama nyuma yake palipokuwa na hatari kubwa.

Tena utumishi huo ulikuwa kama ngazi. Katika jeshi la Wajerumani askari mwenyewe naye mara nyingi alikuwa na kijana wa kumchukulia mizigo na kumpikia, na wake wa askari walifuata jeshi, wakipika na kubeba watoto mgongoni. Hivi chini ya kila aliyetumikia alikuwako mwingine aliyemtumikia yeye, na wa chini kabisa hatumjui hata kwa jina.

Vita hivyo havikuwa mbali na visiwa vyetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja na kuizamisha. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikusanya wapagazi, akapewa cheo cha meja, akavuka nao kwenda bara, akitembea pamoja nao. Nasi tukitaka kuwafahamu watu wa visiwa hivi waliokwenda kutumika bara miaka ile, tukumbuke walitoka katika hali gani.

Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Kwa amri hiyo mtumwa aliyetaka uhuru wake aliweza kuudai mbele ya mahakama, na bwana aliyempoteza aliweza kulipwa fidia. Angalieni vizuri hesabu hiyo: bwana alilipwa kwa kupotewa na mtumishi, lakini mtumishi hakulipwa kitu kwa miaka aliyotumika mashambani mwa karafuu. Vita vilipokuja, amri ile ilikuwa haijatimiza miaka 20. Basi mtu mzima wa Pemba wa wakati ule aliweza kuwa ameyajua maisha ya namna mbili: kutumwa bila kuulizwa, na kutumika kwa mapatano.

Lugha yetu yenyewe imeitia alama tofauti hiyo. Toka neno moja, kutuma, tumepata mtumwa na mtumishi. Mtumwa ni yule anayetumwa tu. Neno lenyewe linamweka katika hali ya kutendwa. Mtumishi ni mwenye kutumika. Yeye ndiye mtendaji, naye hutoa kitu chake, yaani nguvu zake na moyo wake. Watu wawili waweza kufanya kazi moja, wakachota maji katika kisima kimoja, na mmoja akawa mtumwa na wa pili mtumishi. Kinachowatenga si ndoo, bali ni kwamba mmoja aliweza kukataa. Na katika vita vile mpaka huo ulivurugika. Mwaka 1915 serikali ya Kiingereza katika nchi iitwayo leo Kenya ilitunga sheria ya kuwatoa watu kwa lazima wawe wafuasi wa jeshi. Mwingine alikwenda kwa hiari akitafuta rupia, mwingine alikwenda kwa kuwa jumbe alitakiwa kutoa watu naye hakuwa na wa kumtetea. Baadaye wote wawili wakaandikwa kwa jina moja zuri, kwamba walikuwa watumishi waaminifu.

Sasa turudi katika swali letu. Wako wasemao ya kuwa hakuna deni. Husema, "Mtu huyu aliahidiwa mshahara, naye akaupokea. Afisa hakumdhulumu. Mapatano yakitimizwa, mambo yamekwisha." Neno hili si la kudharauliwa, maana mshahara uliolipwa kwa haki ni heshima kwa mtu, nao wapita sifa tupu. Lakini tutazame mapatano yalikuwa ya nini. Yalikuwa ya kupika, kufua na kung'arisha viatu. Hayakuwa ya kubaki karibu na mgonjwa siku ambayo adui anakaribia na wapagazi wametoroka. Mtu aliyebaki siku ile alitoa kitu ambacho hakikuandikwa katika mapatano, wala hakina bei. Kusema ya kuwa rupia za mwisho wa mwezi zililipa na hicho pia, ni kufanya kama mtu aliyenunua nazi sokoni akadai na mnazi.

Wako wengine wasemao kinyume. Husema, "Mtu mzima kumvua viatu mtu mzima mwenzake ni aibu. Hao walikuwa watumwa waliosahau kuwa wamepewa uhuru, afadhali tusiwataje." Hili nalo hatulikubali. Kumwosha mgonjwa si aibu. Mama afanya hivyo kila siku, na mwana mwema amfanyia baba yake mzee. Sisi tulioambiwa habari za Bwana aliyewaosha wanafunzi wake miguu hatuwezi kusema ya kuwa kazi ya namna hiyo yamshusha mtu. Aibu, kama ipo, ni ya yule anayepokea utumishi huo kisha asimwone aliyeutoa. Tukiwaficha babu zetu kwa sababu walichemsha maji ya wengine, tutakuwa tumekubali ya kuwa mwenye kutuma tu ndiye mtu.

Lakini je, uaminifu huo una mpaka? Hapa twapata msaada katika habari za kale za wachukua silaha, ambao walikuwa watumishi wa karibu wa wakuu wa vita. Abimeleki alipopigwa kichwani na jiwe la kusagia lililotupwa na mwanamke, alimwamuru kijana wake amwue, ili watu wasiseme ameuawa na mwanamke. Naye kijana akamchoma upanga. Mfalme Sauli naye, alipojeruhiwa katika mlima wa Gilboa, alimpa mchukua silaha wake amri hiyo hiyo, lakini huyo akakataa. Vijana wawili, amri moja. Wa kwanza alitii, na kwa utii wake akaitumikia fahari ya bwana wake tu. Wa pili hakutii, wala hakuna amwitaye mwasi. Tena Daudi mwenyewe alikuwa mchukua silaha wa Sauli. Sauli alipomtupia mkuki alikimbia, lakini alipompata Sauli pangoni hakumwua. Twajifunza ya kuwa mtumishi mwaminifu hauzi dhamiri yake pamoja na mikono yake. Aweza kukataa neno ovu, aweza kuondoka, naye akabaki mwaminifu. Anayesifu uaminifu wa mtumishi kwa sababu tu hakukataa lolote, amemsifu kama mtu asifuvyo kisu chake.

Hebu sasa tutazame kisa kimoja cha nchi yetu. Frederick Courteney Selous alikuwa Mwingereza mwindaji mashuhuri. Vita vilipotokea alijiunga na jeshi ingawa umri wake ulikuwa umepita miaka 60, akawa kapteni. Tarehe 4 Januari 1917 alipigwa risasi akafa huko Behobeho, karibu na Rufiji, naye akazikwa huko. Alikuwa na mchukua bunduki wake, jina lake Ramazani. Yasimuliwa ya kuwa Ramazani, alipomwona bwana wake ameanguka, alijaa uchungu, akawakimbilia adui, naye akauawa. Mwaka 1922 mbuga kubwa ya wanyama ya kusini iliitwa kwa jina la Selous. Jina hilo lilikaa juu ya mbuga yote karibu miaka 100, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la kapteni bado laonyeshwa kwa wageni. Jina la Ramazani halikuwekwa juu ya mbuga, wala kilima, wala kijito.

Hatusemi ya kuwa Selous alikuwa mtu mbaya, wala kwamba Ramazani alimfuata kwa kulazimishwa. Yawezekana kabisa ya kuwa walipendana kama watu wawili waliotembea pamoja porini. Lakini tulitazame jambo hili: vifo viwili vilikuwa mahali pamoja, na cha mmoja kimetajwa ili kuongeza utukufu wa kifo cha mwingine. Watu husimulia uchungu wa Ramazani ili tujue jinsi kapteni alivyopendwa. Nani ameuliza Ramazani alizaliwa wapi, kama alikuwa na mke, na mke huyo aliletewa habari na nani? Hapa ndipo tunapoona hatari ya sifa. Mtu asiyesifiwa hujulikana kuwa anadai. Lakini mtu aliyekwisha kusifiwa kwa uaminifu huonekana kana kwamba amekwisha kulipwa.

Hata sanamu zetu zafundisha neno hili. Katika Dar es Salaam liko sanamu la askari lililosimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe. Katika Nairobi ziko sanamu tatu, zilizofunuliwa mwaka 1928, na moja yao ni ya mpagazi. Maandishi yake yawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kadhalika jina la kikosi cha wapagazi latajwa kila siku katika Kariakoo, ingawa watu wengi waendao sokoni huko hawajui ya kuwa wanalitaja. Basi askari ana sanamu, mpagazi ana sanamu na soko. Boi wa afisa hana hata moja, kwa maana kazi yake ilikuwa ndani ya hema, mahali ambapo hapachongwi sanamu.

Liko na jambo la mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliotumikia Wajerumani katika vita vile. Yasimuliwa ya kuwa wazee walikusanyika Mwanza, na wengi wao hawakuwa na cheti. Basi afisa wa fedha akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani; wala hapakuwa na hata mmoja aliyeshindwa. Ni habari ya kufurahisha, nasi twafurahi kwa ajili ya wazee hao. Lakini fikirini. Askari aliweza kuthibitisha utumishi wake kwa amri aliyoikumbuka. Yule aliyeushika ufagio wenyewe kwa miaka minne, akafagia hema na kuondoa majivu, angethibitisha kwa amri gani? Hakuna gwaride la kumkesha mgonjwa.

Wahenga walisema, dawa ya deni kulipa. Basi deni hili lina sehemu tatu. Ya kwanza ni mshahara, nao ni wa serikali na wa afisa: alipwe kamili, na akifa walipwe warithi wake. Pasipokuwa na hiyo, maneno mengine yote ni upepo. Ya pili ni kweli. Aliyelazimishwa asiandikwe kuwa alijitolea, wala woga wake usiitwe upendo. Askofu Weston, aliyekwenda na wapagazi mwaka 1916, mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kupinga kazi ya shuruti katika Kenya, akiwakemea watawala wa taifa lake mwenyewe. Huo ni mfano mwema wa mtu aliyekuwa na cheo naye hakutumia cheo chake kuifunika kweli. Ya tatu ni jina. Mtu aitwe kwa jina lake na la baba yake, pamoja na mahali alipotoka, wala si boi wa fulani. Hii ya tatu ndiyo inayotupata sisi, maana wenye kulipa mshahara wamekufa, na waliostahili kuupokea wamekufa pia, lakini jina laweza kulipwa na mtu yeyote anayelijua.

Wala tusidhani ya kuwa habari hii ni ya Wazungu na vita tu. Kila mwenye nyumba ni afisa wa mtu fulani. Katika miji yetu, Weti, Chake Chake na Mkoani, wako vijana watubebeao mizigo na wasichana watupikiao. Wako na binti wa nchi yetu waliokwenda Omani kutumika katika nyumba za watu, na mama zao wasubiri habari. Twawataka matajiri wa huko wawatendee binti zetu kwa haki, nasi twasema vema. Lakini je, msichana apikaye jikoni mwako, wamjua jina la baba yake? Ukiugua naye akikesha, utasema ni kazi yake? Akiolewa kesho na kuondoka, watoto wako watamkumbuka kwa jina gani?

Babu waliokwenda katika vita vya 1914 hawapo tena. Wajukuu wao wapo, nao sasa ni wazee. Baadhi yao walisikia nyumbani ya kuwa babu alikwenda bara na bwana mmoja wa vita, akarudi na kovu na sanduku la bati, au hakurudi. Twawaomba wazee hao wasiyaone maneno hayo kuwa madogo. Mwambieni mwalimu wa kijiji jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka na kazi aliyoifanya, kama alikuwa askari, mpagazi, mpishi au mtumishi wa hemani. Walimu nao wayaandike katika daftari safi, wala wasingoje mwaka mwingine.